Paka Halambi Girisi

Mchinga, 6 Desemba 1953

Kwa mpwa wangu Ismaili, Dar es Salaam,

Salamu hizi zikukute popote ulipoinama chini ya magari ya watu. Sisi wazima, kwa uzima wa Mchinga, maana yake kila mtu ana panapomuuma na hakuna aliyelala kitandani. Mama yako Mwanaima hajambo, anasema ule ushibe, usizoee chai na mkate wa mjini. Mkaza mjomba wako Adija ameng'oka jino, kwa hiyo wiki hii kasema maneno machache na nyumba imetulia. Usimwandikie kwamba nimesema. Maulidi tumeyasoma mwezi uliopita, watu walijaa mpaka uani.

Ama baada ya salamu, nina shida, na shida hiyo ni ya kazi yako.

Unalijua lile gari langu, pikapu kuukuu. Tangu magoti yangu yalipokataa kuchuchumaa chini ya majahazi, nikaitundika nyundo ya ukalafati, ile ya kuzibia nyufa za mbao kwa pamba, gari hilo ndilo linaloniamsha asubuhi. Ignasi, dereva wa lori wa Lindi, ndiye aliyenifundisha kuliendesha, na halijaniaibisha mpaka mwezi jana. Sasa linatetemeka. Sisemi mtetemo wa uzee. Gari kuukuu lolote hutikisika kidogo, na abiria wangu wameshazoea. Hili likifika maili thelathini kwa saa linashikwa. Usukani unacheza mikononi, kiti kinacheza, kioo kinaimba, na kina mama waliokaa nyuma na nazi zao wanapiga kelele, "Shusha! Shusha!" Nikipunguza mpaka ishirini, kimya, unaweza kusinzia. Nikirudi thelathini, lahaula, tumerudi kulekule.

Siku ya Jumanne Mwanasha muuza ngonda, samaki wakavu, aliteremka katikati ya njia na tenga lake kichwani. Alisema afadhali afike Lindi kesho na meno yake yote. Tangu siku hiyo abiria wananikwepa. Wanajificha nyuma ya nyumba mpaka nipite, ndipo wanatoka kusimamisha lori la Ignasi.

Ignasi naye amelizunguka gari mara tatu, akalipiga teke tairi, akasema, "Mzee Fakihi, hili limekwisha. Nipe nilivunje, lori langu lipate vipuri." Nikamwambia ngoja. Nina mpwa wangu fundi, yuko gereji kubwa Dar es Salaam, yeye ndiye atakayesema. Nimeyasema hayo barazani, watu wanasikia. Nimejipa mpaka mwisho wa masika. Gari likipona, nina kazi. Lisipopona Ignasi atalivunja, nami nitakaa nyumbani mchana kutwa na mkaza mjomba wako, na jino lake litakuwa limeshapona.

Niambie nifungue nini, mikono ninayo. Na nikwambie jambo moja ambalo pengine hujaambiwa: ukoo wetu mzima ni watu wa mbao na pamba, hatujapata kuwa na mtu wa chuma. Nikikutaja barazani watu hunyamaza wasikilize. Wallahi nafurahi mno.

Mjomba wako,
Fakihi bin Saidi


Dar es Salaam, 28 Desemba 1953

Kwa mjomba wangu Fakihi,

Shikamoo mjomba. Shikamoo yangu nyingine mfikishie mama, na ya tatu mkaza mjomba Adija, pamoja na pole ya jino. Mimi ni mzima. Joto la hapa limezidi, shati ukilivaa kavu unalivua limelowa. Ninakula, mama asiwe na wasiwasi.

Barua yako ilikaa njiani siku nyingi, lakini ilipofika niliisoma palepale. Mkubwa wetu hapa gereji ni Fundi Valentini, mtu wa Songea, hodari kupita kiasi. Gari likimsikia anakuja linaanza kupona lenyewe. Nilimsomea maneno yako yote. Alisimama na spana mkononi mpaka mwisho, kisha akaniambia nianze upya. Akasema, "Madereva wa hapa wanajua neno moja tu, bovu. Mzee huyu anajua kusikiliza gari." Mjomba, nilijiona mrefu.

Haya ndiyo anayoyauliza. Kwanza, kabla ya mtetemo kuanza, nani aliligusa gari, na aligusa wapi? Pili, ufanye jaribio. Tafuta mteremko usio na watu. Likifika maili thelathini na likaanza kutetemeka, kanyaga klachi, toa giya, uliache frii litembee lenyewe. Mtetemo ukikoma, ugonjwa uko kwenye injini. Ukiendelea, injini haina makosa, tutafute chini. Breki zako ziwe nzima kabla hujafanya hivyo, nakuomba.

Mpwa wako mtiifu,
Ismaili


Mchinga, 17 Januari 1954

Mpwa wangu,

Marahaba, marahaba, na ya tatu marahaba. Tumefurahi kusikia u mzima. Mama yako aliposomewa barua yako aliichukua akaikunja kidogo kidogo, akaitia kwenye kibweta chake, kwa hiyo ninakuandikia bila kuwa nayo mbele. Nikisahau swali, uniulize tena.

Jaribio nimelifanya! Nilichagua mteremko wa njia ya Lindi. Adija alining'ang'ania nisiende peke yangu, akapanda mbele. Thelathini ilipofika na usukani ulipoanza vituko vyake, nikatoa giya. Injini ikashusha sauti, gari likawa linakwenda kwa uzito wake, na Adija alipoona mkono wangu umeacha giya akadhani tumekwisha. Alitoa shahada kwa sauti hata walioko shambani wakainua vichwa. Na mtetemo? Ule ule! Haukupungua hata kidogo. Basi injini haina kesi. Nilisimamisha gari pembeni, nikacheka peke yangu. Ebo! Mtu ameketi Dar es Salaam, na mkono wake umefika mpaka kwenye giya yangu, ukanionyesha kweli. Nimeyasimulia hayo kwa kila mtu, hata kwa wasiotaka.

Umeuliza nani aliligusa. Hakuna fundi wa nje aliyeligusa hata kwa kidole. Lilipumzika uani kwangu siku tatu za Maulidi, likaamka na ugonjwa. Ndiyo hivyo.

Habari nyingine ni za kuchekesha. Adija amegombana na jirani kwa ajili ya paka. Tangu Maulidi paka wa mtaa mzima wamehamia chini ya gari langu. Wanalala humo, wanalamba magurudumu, ukiwasha injini hawatoki mpaka uwapigie kelele. Watu wameanza kusema gari lina jini apendaye paka. Adija akataka kulifukiza ubani. Nikamwambia fukiza, bibi, ila chetezo kisikaribie tangi la petroli, maana hapo tutaondoka sote, jini na wenyewe.

Sasa sikiliza. Idi inayokuja uje nyumbani. Lete spana zako. Yaliyobaki uyashike kwa mkono wako mwenyewe, watu waone. Ignasi nimeshamwambia utakuja.

Mjomba wako,
Fakihi bin Saidi


Dar es Salaam, 9 Februari 1954

Kwa mjomba wangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itawakuta salama, na kwamba mkaza mjomba amenisamehe kwa mteremko ule. Mimi sijambo. Kazi ni nyingi.

Hapa tulicheka sana, lakini Valentini alicheka kwa heshima. Alisema kuna mafundi wa gereji ambao hawathubutu kutoa giya mteremkoni kwenye maili thelathini. Mimi nilifikiri jinsi ulivyokuwa ukiniambia zamani nikiogopa kuruka gatini, "Maji hayana meno." Hukubadilika, mjomba.

Valentini asema sasa utazame propela, lile bomba refu la chuma lizungukalo chini ya gari kutoka kwenye giya mpaka ekseli ya nyuma. Lala chini, lishike kwa mikono miwili, ulisukesuke. Likiwa na mchezo kwenye viungo vyake, ndiyo adui. Likiwa imara, Valentini asema hamisha magurudumu, ya mbele yaende nyuma, ya nyuma yaje mbele. Mtetemo ukihama pamoja nayo, tutajua ni gurudumu lipi.

Mama nilimwandikia mbali.

Mpwa wako,
Ismaili


Mchinga, 14 Machi 1954

Mpwa wangu Ismaili,

Marahaba. Mvua zimeanza kwa ghadhabu, njia ya Kilwa imefungwa, lakini ya Lindi inapitika kwa kusukumana. Mama yako alikuwa na homa, imeshatoka. Adija mzima, jino jingine linacheza.

Nimefanya uliyosema. Nilitandika mkeka chini ya gari nikalala, na kulala nililala, ila kuinuka ilibidi Adija anivute miguu. Propela ni imara. Nililisukasuka mpaka mabega yakauma, halina mchezo. Huko chini kote ni kuzuri, safi, hakuna kutu hata chembe. Magurudumu nikayahamisha, mbele nyuma, kisha kulia kushoto, kutwa nzima. Mtetemo ni uleule, haukuhama, umekaa kotekote. Tena kuna ajabu nyingine. Nikilisimamisha Lindi juani kutwa, jioni linatetemeka namna nyingine, kana kwamba ugonjwa umegeukia ubavu wa pili. Paka nao wamezidi. Mmoja amezaa chini ya kiti cha dereva.

Sasa nina hasira kidogo, univumilie. Nimekwambia uje Idi. Barua yako imekuja, nimeisoma mbele, nimeisoma nyuma, neno la Idi halimo. Si ndiyo, si hapana. Na barua zako zote ni Valentini asema, Valentini asema. Valentini ni mtu mwema, Mungu amzidishie, lakini mimi sina mpwa anayeitwa Valentini. Wewe wasemaje? Gari hili ungelishika wewe ungefanya nini? Nimekusifu mbele ya watu miezi mitatu. Jana Ignasi aliniuliza, "Mzee, huyo mpwa wako ni fundi au ni tarishi wa fundi?" Nikajidai nafunga nati.

Kwa hiyo nimempa Ignasi siku. Ijumaa ya kwanza ya mfungo aje na kamba na spana zake. Abiria wamebaki wanne, na wawili kati yao ni viziwi.

Mjomba wako,
Fakihi bin Saidi


Dar es Salaam, 20 Aprili 1954

Kwa mjomba wangu Fakihi,

Shikamoo mjomba. Pole ya homa mfikishie mama. Mimi ni mzima wa mwili.

Barua hii nimeiandika mara nne na tatu nimezichana, ndiyo maana imechelewa. Usisingizie mvua.

Umeniuliza mimi nasemaje. Mjomba, mimi si fundi. Sijapata kuwa fundi hata siku moja. Nilipopata kazi nilimwandikia mama, "Nimepata kazi gereji," na hilo lilikuwa kweli. Mkanijibu, "Hongera fundi." Nikasema nitawasahihisha barua ijayo, na barua ijayo ikawa ijayo, na huu ni mwaka wa tatu. Mimi naosha magari. Nina ndoo, brashi, mpira wa maji na kikwanguo. Spana naziona mikononi mwa wenzangu. Ndiyo sababu sikukujibu habari ya Idi, maana ningekuja na nini? Ignasi amesema kweli, nilikuwa tarishi.

Ningeweza kuficha mpaka mwisho. Lakini barua yako ya Machi nilipoisoma nilijua ugonjwa wa gari lako, na nikaona siwezi kukupa dawa bila kukwambia nimejifunzia wapi. Siku tano nilikaa nalo moyoni. Gari lako lingevunjwa kwa ajili ya haya yangu. Wenyewe mnasema mficha uchi hazai.

Sikiliza basi. Wakati wa mvua magari yanakuja hapa kutoka safari za mbali, na wenyewe wanalalamika vilevile kama wewe: thelathini yanatikisika, ishirini yanatulia. Valentini hafungui nati hata moja. Ananiita, "Ismaili, mpe dawa." Ninalala chini na kikwanguo changu. Tope huwa limeingia ndani ya ringi, upande wa gari ambao hauonekani, likakauka sehemu moja. Gurudumu likawa na upande mzito na upande mwepesi, na likizunguka kwa kasi linarusha. Nikilikwangua lote, gari linatoka hapa limetulia, na mwenye gari anamshukuru Valentini. Valentini aliniuliza tangu siku ya kwanza, "La mjomba wako lina tope?" Mimi ndiye niliyemwambia halina. Desemba Mchinga ni mchanga na jua, nilijua.

Lakini nikawafikiria paka wako. Nimekwangua magari miaka mitatu, mjomba, na gereji ina paka tele. Paka halambi tope. Paka halambi girisi, anainusa na kukunja pua. Na ule ugonjwa unaogeuka ubavu gari likikaa juani, tope haliyeyuki kwa jua. Kitu gani kigumu, kikipata joto kikalainika, na paka wakakipenda kwa ajili ya mafuta ya papa? Nimekulia nyumbani kwa mkalafati. Harufu hiyo nililala nayo utoto wangu wote.

Uliandika hakuna fundi wa nje aliyeligusa gari. Wa ndani je? Niwie radhi kwa swali hili: umelipaka gari deheni, ile chokaa ya kupakia majahazi?

Kama ndivyo, vua magurudumu yote manne. Yote, maana ukihamisha kizito ukaweka kizito kingine hutaona tofauti. Kwangua ndani ya ringi mpaka uone chuma, kisha propela nalo ulikwangue. Nikiwa nimekosea, nimekosea peke yangu, Valentini hayumo katika barua hii.

Mama umwambie wewe, au umwache asijue. Mimi nimeshindwa.

Mpwa wako,
Ismaili


Mchinga, 16 Mei 1954

Mpwa wangu Ismaili,

Marahaba, na Ramadhani njema. Tunafunga salama. Adija anafunga na kugomba kwa pamoja, sijui thawabu zake zinahesabiwaje.

Barua yako ilifika Jumatano, siku ya pili ya mfungo, siku mbili kabla ya Ignasi. Nilianza kuisoma nimesimama nikamalizia nimekaa. Nilikasirika, nisikufiche. Ulinifanya nikaseme barazani jambo ambalo halipo. Lakini nilipokwisha kukukasirikia nilifika kwenye lile swali lako, na hasira ikageuka ikanitazama mimi.

Ndiyo. Nilipaka.

Chumvi ya pwani inakula chuma, nami nikalionea huruma gari langu. Miaka arobaini nimepaka vyombo deheni, chokaa na mafuta, na hakuna nahodha aliyerudi kunilalamikia kwamba mbao zake zimeliwa. Nikasema, kama mbao inapona, chuma ndiyo nini? Siku ya kuamkia Maulidi nikaipika mwenyewe, nikaiacha nyepesi ili ipenye kila pembe, nikapaka chini kote, fremu, propela, ndani ya magurudumu. Nikamalizia na sifa, yale mafuta ya papa, nyingi sana, na sifa nyingine nikajipaka mwenyewe. Kisha nikaliacha likauke siku tatu, nikaenda zangu kusoma kasida. Jahazi ukilipaka linakaa, mwanangu. Halizunguki. Hilo sikulifikiri kabisa.

Uliponiuliza mara ya kwanza ningeweza kukwambia. Nilidhani halihusiani. Nilipolala chini Machi nikaiona deheni yangu ilivyong'aa, shaka ilinijia, nikaifukuza. Mkalafati mzima aiandikie gereji ya Dar es Salaam kwamba amelipaka gari kama mashua? Nilikuwa tayari Ignasi alivunje gari kuliko kusema neno hilo. Kwa hiyo usijione mwongo peke yako katika ukoo huu.

Alhamisi nikaiteremsha patasi yangu ya zamani. Nikavua magurudumu, nikageuza la kwanza, nikaangalia ndani. Lahaula! Sehemu iliyokuwa chini zile siku tatu deheni ilikuwa nene vidole viwili. Juu yake, nyembamba, kucha inaitoa. Yote manne hivyo hivyo. Nilikwangua tangu asubuhi mpaka alasiri, nimefunga, na magoti haya, na paka wamenizunguka wanangoja vipande. Jioni ilipoingia nilikuwa nimejaza makapu mawili.

Ijumaa baada ya sala Ignasi akaja na kamba. Nikamwambia weka kamba chini, panda. Adija akapanda katikati na sufuria ya tui alilokuwa ametoka kuazima kwa ajili ya futari, haina kifuniko. Tukashika njia ya Lindi. Ishirini na tano, Adija akafumba macho. Thelathini. Thelathini na tano. Nikalisukuma mpaka arobaini, Ismaili, arobaini na gari kuukuu, na tui lile halikuvuka ukingo wa sufuria. Kioo kilinyamaza. Ignasi alitandaza kiganja juu ya mlango akakiacha pale mpaka tuliposimama. Kisha akauliza, "Nani?"

Nikamwambia, "Mpwa wangu. Anaosha magari."

Akanitazama. "Si ulisema fundi?"

Nikamwambia nilisema mimi, yeye hakusema. Nikamweleza na deheni, yote, sikubakiza. Alicheka mpaka akashika ubavu, na nilistahili. Alipomaliza kucheka akasema taratibu, "Mimi nimelizunguka mara tatu, sikuinama hata mara moja." Leo asubuhi nimempita kando ya njia, yuko chini ya lori lake na kisu cha jikoni, anakwangua.

Ismaili, ulidhani nitakuona mdogo. Baba yangu aliniweka miaka minne nakwangua vyombo kabla hajaniruhusu kushika nyundo, nikilia kila siku, na yote niliyojua baadaye nilianza kuyajua pale, nimelala chali chini ya chombo cha mtu. Kazi mbi si mchezo mwema, wasema watu, lakini yako si mbi. Ulikaa Dar es Salaam ukasoma barua ya mzee mwenye kiburi, ukamwona paka, ukanusa deheni safari ya siku kumi na tano. Fundi gani amefanya hivyo? Na lililonishinda nguvu ni hili, kwamba ulilishusha jina lako ili gari langu lisivunjwe. Nimejivunia watu wengi katika maisha yangu. Sikumbuki niliyejivunia hivi. Idi uje, na mikono mitupu.

Mama yako nilikwenda kumwambia mwenyewe, baada ya futari. Nilizunguka maneno kama kuku anayetafuta pa kutagia, nikaanzia kwenye tope, nikapita kwenye paka. Akanikata. Akasema, "Kaka, najua."

Amejua tangu mwaka juzi. Ulimwomba akupelekee mafuta ya nazi kwa sababu mikono inapasuka. Akamwuliza Ignasi, bila kumtajia mtu, kama mikono ya fundi wa magari hupasuka. Ignasi akamwambia ya fundi imejaa mafuta siku zote, inayopasuka ni ya maji na sabuni. Mwaka mzima na zaidi watu wanamwita mama wa fundi, naye anajibu, "Alhamdulillahi," basi. Nikamwuliza kwa nini hakukwambia kwamba anajua. Akasema, "Nilikuwa namngoja aseme mwenyewe. Ningesema mimi, ningemnyang'anya."

Kisha akaingia ndani, akakaa huko muda, akatoka na chupa iliyokuja pamoja na barua hii. Utaiona ni kubwa kuliko zote alizowahi kukuletea. Nimeambiwa nikuandikie maneno yake na nisiongeze langu: hii ni ya mikono ya mwanangu mwosha magari, na ikiisha aombe nyingine kwa jina hilohilo.

Mjomba wako,
Fakihi bin Saidi